Mishipa ya damu baada ya baipasi ya moyo: namna ya kuikagua nyumbani, Mwanza na visiwani

Aliyefanyiwa baipasi, yaani aliyepandikizwa mishipa ya kupitishia damu kando ya pale mishipa ya moyo ilipoziba, hurudi nyumbani na hofu moja tu, kifua. Familia nayo humtazama kifua. Lakini mpasuaji hakushika kifua peke yake. Alitoa mshipa mguuni, pengine na mwingine mkononi, akahamisha ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) iliyo nyuma ya kidari, akatoboa ateri kuu inayotoka kwenye moyo ili kuunganisha mashine inayofanya kazi ya moyo wakati wa upasuaji. Na siku au wiki kadhaa kabla ya hapo, mtu mwingine alipitisha waya kinenani au kwenye kifundo cha mkono kupiga picha za mishipa ya moyo. Kila palipoguswa pana hitilafu zake. Nyingi ni nadra mno. Tabibu wa zahanati ya kisiwani anaweza kustaafu bila kukutana nazo. Kwa hiyo mgonjwa na wa nyumbani kwake wanatakiwa wajue cha kutazama na cha kusema wakifika.

Shika jambo moja kwanza: karibu kila tatizo la mshipa hujionyesha ukilinganisha kulia na kushoto. Mguu na mguu, mkono na mkono, kinena na kinena. Mguu mmoja wa baridi una habari ya kusema. Miguu miwili ya baridi alfajiri ya Julai, upepo ukitoka ziwani, huenda ni baridi tu.

Karatasi kabla ya kuondoka wodini

Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa mara nyingi hupasuliwa mbali, Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au nje ya nchi, kisha kliniki anahudhuria Mwanza. Anayemwona Mwanza hakuwepo chumba cha upasuaji. Omba yaandikwe haya, kwa maneno kamili: imepandikizwa mishipa mingapi na kila mmoja umetolewa wapi, kama ateri ya kifuani ya kushoto ilitumika, ni mguu upi na mkono upi uliotolewa mshipa, waya wa picha ulipita wapi, kama kuliwekwa puto la kusaidia moyo kupitia kinena, heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda) ilianza tarehe gani, chembe sahani (chembe za damu zinazoigandisha) zilikuwa ngapi kabla ya upasuaji na siku ya kutoka, na presha ya mikono yote miwili. Hiyo ya mwisho husahaulika kuliko zote, na ndiyo utakayoihitaji miaka mitano ijayo. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, mtumie na mtoto anayekaa mjini.

Aliyepewa aspirini (mara nyingi miligramu 75 hadi 100 kwa siku) haiachi kwa kuwa amepata nafuu. Klopidogreli, nayo ya kuzuia damu kuganda, kama umeandikiwa, ina muda wake, na daktari wa moyo ndiye anayesema mwisho ni lini. Maumivu ya kidonda yatulizwe kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa lolote kuanzia Nyegezi hadi Igoma litakupa ukisema tu mgongo unauma, hazitakiwi kwa aliyetoka baipasi: zinaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, zinaumiza figo, na ibuprofeni huizuia aspirini isifanye kazi yake.

Safari, na mahali pa kukaa kwanza

Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Ukiweza kupanda ndege baada ya daktari kuruhusu, panda. Ukilazimika kupanda basi, chagua kiti cha kando ya njia, shuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, katikati ukunje na kunyoosha vifundo vya miguu mara 20 kila nusu saa, unywe maji. Watu hujinyima maji ili wasisumbue dereva kusimama. Damu iliyokauka maji huganda haraka, na mguu uliotoka kupasuliwa ndio unaoanza.

Anayeishi visiwa vya Ukerewe, Ukara au Kome tunamshauri akae kwa ndugu mjini wiki sita za mwanzo. Sababu ni hesabu ya saa. Mguu au mkono uliokatikiwa damu ghafla una takriban saa sita kabla misuli haijaanza kufa. Meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, peke yake hula kama saa tatu, na haiondoki kwa kuwa wewe unaumwa. Wa Sengerema na Geita wamepata unafuu tangu Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, maana foleni ya kivuko haipo tena.

Nyumba za mlimani nazo, kwenye mawe ya Igogo na Mabatini, zina shida yake: maji hupandishwa kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mpaka mfupa wa kidari uunge, kwa kawaida wiki sita hadi kumi na mbili, mzigo usizidi kilo nne au tano, yaani kidumu cha lita tano kisichojaa.

Ukaguzi wa asubuhi

Fanya kabla ya kuoga, mchana ukiingia dirishani, miguu yote wazi hadi mapajani. Dakika kumi zinatosha. Vitabu vingi vinasema tazama ngozi iliyopauka au iliyogeuka bluu, na wengi wetu ngozi yetu haionyeshi hayo. Tazama nyayo, viganja, kucha na ndani ya mdomo. Rangi ya kucha iondolewe. Hina haiondoki, kwa hiyo mwenye hina kwenye nyayo na kucha ategemee joto: gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono, siyo kiganja, ukianza vidoleni ukipanda juu. Ukikuta mahali joto linapobadilika ghafla kwenye mguu mmoja, paweke alama ya kalamu.

Kisha mapigo. Pa kwanza ni juu ya mguu, kwenye mstari ulio kati ya kidole gumba na kinachofuata. Pa pili ni nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Weka vidole viwili kwa wepesi, ukikandamiza sana unayazima mwenyewe. Wapo watu wazima kabisa ambao mapigo ya juu ya mguu hayashikiki tangu kuzaliwa, kwa hiyo siku ya kwanza andika uliyoyapata na usiyoyapata. Pigo lililokuwepo Jumatatu na halipo Alhamisi ni jambo kubwa. Ambalo halijawahi kuwepo, mweleze daktari siku ya kliniki.

Baada ya hapo bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde tano, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hadi tatu. Fanya hivyo pia kwenye mkono uliotolewa ateri, ukiulinganisha na mwenzake. Ganzi upande wa kidole gumba cha mkono huo, au upande wa ndani wa kifundo cha mguu uliotolewa mshipa, mara nyingi ni neva (mshipa wa fahamu) iliyosumbuliwa na kisu, na huchukua miezi kuisha. Ganzi ya namna hiyo haiji na ubaridi wala haizimi mapigo.

Mwisho, unene. Tafuta kifupa kinachotokeza chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, zungusha utepe wa fundi cherehani. Fanya miguu yote, uandike. Mguu uliotolewa mshipa utavimba. Hiyo ni kawaida, na hupungua usiku ukiinuliwa juu ya mto. Tofauti ikizidi sentimita 3, au uvimbe usipopungua hata baada ya kulala, au shavu la mguu likiuma ukiliminya, nenda ukapigwe altrasaundi ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) siku hiyo hiyo. Ukivimba ule ambao haukupasuliwa usisubiri hata jioni: hauna kisingizio. Pumzi ikikata ghafla, au ukakohoa damu, huenda bonge la damu limeshafika mapafuni.

Na usiuchue. Kuchua mguu uliovimba kwa mafuta ya moto ni huruma ya mama na shangazi, lakini bonge lililoshikilia kwenye vena linaweza kung'oka. Mguu uliokatikiwa damu nao haukandwi kwa maji ya moto, kwa sababu hausikii, utaungua bila wewe kujua.

Ukikutana na haya pamoja, maumivu makali ya ghafla, ubaridi, mapigo kupotea, kisha ganzi na vidole kukataa kusogea, hapo ni dharura ya saa. Mguu ulale sawa na mwili au chini kidogo, usiinuliwe. Ufunge kwa kanga kavu isiyobana. Asile kitu. Mpeleke moja kwa moja Bugando au hospitali kubwa iliyo karibu, na njiani piga simu useme: "Mguu umekosa damu ghafla, alifanyiwa baipasi tarehe fulani." Akishaanza kushindwa kusogeza vidole, muda umebaki mdogo sana.

Kinena kikaguliwe pia kama waya au puto vilipita hapo. Michubuko inayoshuka pajani na kubadilika rangi haitishi. Kinachotisha ni gololi inayodunda chini ya vidole, au mtetemo kama paka anayekoroma. Ya kwanza ni damu iliyovuja nje ya ateri ikajitengenezea mfuko. Ya pili ni ateri na vena zilizotobokeana. Zote huonekana kwa altrasaundi ya Doppla, inayoonyesha damu inavyopita. Damu ikitoka nje, alale chali, mtu mwingine akandamize kwa kiganja juu kidogo ya kitobo kwa dakika 15 bila kuchungulia, na gari litafutwe wakati huo huo.

Mkono unapoupora moyo

Hili ndilo tunalotaka lijulikane zaidi, kwa kuwa kipimo chake ni mashine ya presha iliyopo zahanati nyingi.

Ateri ya kifuani ya kushoto ndiyo mshipa bora wa kupandikiza. Miaka kumi baadaye, takriban tisa kati ya kumi huwa bado ziko wazi, ilhali vena za mguuni karibu nusu zimeziba. Lakini ateri hiyo ni tawi la mshipa mkubwa unaopita chini ya mtulinga kwenda mkono wa kushoto. Kwa hiyo baada ya upasuaji, sehemu ya mbele ya moyo inakula chungu kimoja na mkono. Mshipa huo mkubwa ukianza kuziba kabla ya kufika kwenye tawi, na mkono ukawa na kazi nzito, damu hurudi nyuma kutoka kwenye moyo ikaushibishe mkono.

Dalili yake ni ya ajabu kidogo. Mgonjwa anapanda mlima bila shida, lakini akivuta nyavu, akipiga kasia, akitwanga au akikamua blanketi, kifua kinabana. Akiacha, kinaachia. Wengine husikia kizunguzungu, kwa kuwa ateri ya nyuma ya shingo nayo hutoka mshipa huo huo. Mkono wa kushoto huchoka upesi kuliko wa kulia. Pale mwaloni ataambiwa umri umefika.

Kupima: kaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine kinachofungwa mkononi kiwe cha kipimo chako. Cha kawaida ni kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na mkono mnene ukifungwa kitambaa kidogo husoma juu kuliko kweli. Pima kulia, pima kushoto, pumzika dakika moja, rudia kulia, rudia kushoto. Andika zote. Mashine za kwenye kifundo cha mkono hazifai kwa kazi hii. Namba ya juu ya kushoto ikiwa chini ya kulia kwa 15 au zaidi, na ikabaki hivyo kwa siku tatu tofauti, peleka daftari kliniki ya moyo. Ikiwa tofauti imekuja na maumivu ya kifua, usingoje siku ya kliniki. Huko wataomba Doppla ya mishipa ya shingo na mkono, au siti skani ya mishipa yenye dawa ya rangi. Tiba yake ni kupanua mshipa na kuweka stenti (kibomba cha kuushikilia wazi), au kuuchepusha kutoka ateri ya shingo.

Kuna hasara nyingine ya kimyakimya. Mhudumu akizoea kupima mkono wa kushoto, anasoma 126 wakati kulia ni 158, anampongeza mgonjwa na pengine anampunguzia dawa. Kwenye tofauti ya namna hii, presha ya kweli ni ya mkono uliosoma juu. Liandike neno hilo kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi: presha ipimwe kulia.

Mgonjwa wa figo aliyewahi kupandikizwa ateri ya kifuani ya kushoto, kisha akahitaji kutengenezewa njia ya kusafisha damu, aseme mapema ili njia hiyo iwekwe mkono wa kulia. Ikiwekwa kushoto, inaweza kuinyonya damu ya moyo kwa namna ile ile, hasa anapounganishwa kwenye mashine.

Siku ya 5 hadi wiki ya 3: heparini ikigeuka

Sehemu hii msomeshe na tabibu wako. Kila aliyepasuliwa moyo amepewa heparini. Kwa wachache, mwili hutengeneza kinga dhidi yake, na kinga hiyo huwasha chembe sahani zikaanza kugandisha damu ovyo. Dawa ya kuzuia damu kuganda inakuwa ndiyo inayoigandisha. Kwa kawaida huanza siku ya 5 hadi ya 10, lakini inaweza kuchelewa hadi wiki ya tatu, mgonjwa akiwa keshafika Magu au Bunda.

Alama yake kwenye kipimo cha damu ni chembe sahani kushuka kwa nusu au zaidi ya hesabu ya awali. Angalia: 160,000 ni namba ya kawaida kwa mtu yeyote, lakini kwa aliyeanza na 340,000 imeshuka zaidi ya nusu. Kumbuka pia kuwa zinashuka kwa kila mtu siku mbili tatu za kwanza kwa sababu ya mashine ya moyo. Kinachotia shaka ni kupanda kisha kushuka tena.

Kosa linalotokea ni hili: mgonjwa anafika na mguu uliovimba, hospitali ndogo inafanya lililo sahihi kwa mgonjwa mwingine yeyote, inamchoma heparini au ndugu yake enoksaparini, na hali inachafuka. Kwa hiyo aliye ndani ya mwezi mmoja baada ya baipasi aseme kabla ya sindano: "Nilipewa heparini tarehe fulani, hesabu chembe sahani kwanza." Zikiwa zimeshuka, heparini ya aina zote inasimama, hata ya kusafishia kanula (kibomba cha mshipani), na mgonjwa anahamishiwa penye dawa mbadala. Wafarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haianzishwi mpaka chembe sahani zipande, kwa sababu ikitangulia inaweza kuua ngozi na vidole.

Homa, kutetemeka, na mguu mwekundu

Miezi au miaka baada ya mshipa kutolewa, mguu ule ule unaweza kushikwa na maambukizi ya ngozi yanayorudi kila mara. Huanza kwa homa kali na kutetemeka, kwa hiyo huku kwetu mtu hufikiri malaria. Kipimo kinasema hakuna, anapewa dawa ya malaria hata hivyo, na suruali haijavuliwa. Ivuliwe. Chini ya goti utakuta pamevimba, pana moto, pana ngozi nyekundu au iliyokolea weusi unaong'aa, kufuata njia ya kovu.

Mlango wa vijidudu mara nyingi ni fangasi katikati ya vidole. Anayeshinda ndani ya mabuti ya mpira au miguuni maji anao karibu daima. Antibayotiki ya daktari itatibu mguu, ila bila kutibu vidole utarudi. Osha kwa sabuni, kausha kila nafasi ya vidole kwa kitambaa kikavu, paka klotrimazoli mara mbili kwa siku kwa wiki nne hata kama muwasho umeisha wiki ya kwanza, na uwe na jozi mbili za mabuti zikaushwe kwa zamu. Kidonda kisichofunga hakiingii ziwani, na baada ya kufunga bado kichocho kipo.

Yasiyo na upande wa pili

Tumbo halina mwenzake wa kulinganisha. Maumivu makali mno ya tumbo siku za mwanzo, huku tumbo lenyewe ukilibonyeza ni laini, yanaweza kuwa utumbo uliokosa damu. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yuko hatarini zaidi, na hali hiyo ya mapigo humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu baada ya baipasi. Usimpe dawa ya vidonda vya tumbo, mpeleke.

Vidole vya miguu vyenye madoa ya zambarau na maumivu, huku mapigo yakiwa mazuri, ni chembe za mafuta zilizobanduka kwenye ateri kuu. Figo zipimwe.

Uvimbe kidarini ukiwa laini, una joto na pengine unatoa usaha, unafanana na jipu. Weka kiganja juu yake kabla ya mtu kushika wembe. Ukidunda pamoja na moyo, chini yake kunaweza kuwa na ateri kuu iliyovuja pale mashine ilipounganishwa. Usitumbuliwe zahanati kwa hali yoyote. Hata usipodunda, usaha kidarini ni wa hospitali yenye siti skani.

Kilichochelewa kuliko vyote ni vena iliyopandikizwa kuvimba kama puto, kwa kawaida baada ya miaka kumi na zaidi. Wengi hawasikii kitu. Huonekana kwa bahati, kivuli cha duara kando ya moyo kwenye eksirei iliyopigwa kwa sababu ya kikohozi. Daktari asiyejua historia atafikiria kifua kikuu au saratani, na hatua inayofuata kwa saratani ni kuchoma sindano kuchukua kinyama. Kovu la kidari liko chini ya shati na karatasi ya miaka kumi na mitano iliyopita imeliwa na mchwa. Fungua shati, sema ulipandikizwa mishipa, na uombe siti skani yenye dawa ya rangi kabla ya sindano yoyote.